Samaki wa Ijumaa Mpaka Mguu Upone

Benchi la kijiwe cha Mwisenge halikununuliwa popote. Ni ubavu wa mtumbwi uliokwisha kazi, ukapigiliwa misumari juu ya magogo mawili nje ya baraza ya fundi cherehani, na ukikaa vibaya bado utaondoka na lami kwenye suruali. Upande mmoja kuna cherehani ya Muharami, ile ya kukanyaga kwa mguu. Upande wa pili kuna jiko la Raya na birika lake la kahawa. Katikati wanakaa wanaume wanaojua kila kitu, na kila mmoja ana jina alilopewa na benchi. Muharami ni Pindo, kwa sababu ya kazi yake. Luqmani muuza mkaa ni Jaji, kwa sababu aliitwa mahakamani kutoa ushahidi siku moja ya ujana wake na hajarudi kutoka huko mpaka leo. Gody wa bodaboda ni Simu, kwa kuwa hana wazo lisilopita kwanza kwenye simu yake. Na Masatu, mvuvi wa vijiji vya Majita, ni Furu, yule samaki mdogo wa ziwani, kwa ajili ya kimo chake. Ijumaa hiyo asubuhi Masatu alifika na mfuko wake wa samaki kama kawaida, ila hakuukabidhi. Aliupakata mapajani, akasema ana neno.

— Waheshimiwa, naomba mnifungie kesi yangu.

— Kesi ipi hiyo? aliuliza Jaji, akaketi wima kama mtu aliyevishwa joho.

— Ya mguu wa fundi. Mlisema nilete samaki kila Ijumaa mpaka apone. Mimi naleta, sijakataa. Nauliza tu: amepona au bado?

Mguu wa Muharami ukasimama juu ya kikanyagio, na cherehani ikanyamaza katikati ya mshono.

— Kwani kuna haraka gani, Furu? Gody alidakia. Samaki zimeisha ziwani?

— Kaka yangu kanipigia simu. Anahamia Rukuba msimu huu, anataka niende naye. Kisiwani huko sitawezaga kuja kila Ijumaa. Kama fundi bado, nibaki. Kama amepona, leo saa kumi tunasukuma mtumbwi, naenda.

Raya alikuwa anamimina kahawa. Akaacha kumimina.

Mgeni wa benchi hawezi kuielewa kesi hiyo asipopelekwa kwenye tope la Nyamuswa. Masika ya mwaka jana benchi zima lilipanda Noa ya kuazima kwenda msibani huko, kwa wakwe wa Jaji. Walipoipita Bunda, udongo mweusi ukalikamata gari, wakashuka kusukuma. Nyuma ya gari palijaa mikono. Masatu akakosa pa kushika, akaona bora amsukume Muharami mgongoni, ili Muharami alisukume gari. Jaji akapiga ukelele, wakakaza, na hapo Muharami akasikia kitu nyuma ya kisigino cha kushoto, paa! Ilikuwa kama ametwangwa na buti. Alikaa kwenye tope bila kupenda. Alipogeuka, nyuma yake hapakuwa na mwingine ila Masatu, naye yuko chini kwa magoti.

— Masatu, umenipiga teke!

— Nisamehe, fundi, Masatu akajibu palepale.

Neno hilo ndilo lililomfunga. Benchi la Mwisenge lina desturi yake ya siku nyingi: ukimuumiza mwenzako kwenye safari ya benchi, unabeba mzigo wake mpaka ainuke. Jaji hakuhitaji hata kikombe cha pili kuamua. Angeomba msamaha wa nini kama hakupiga? Masatu ana nini? Ana samaki. Basi alete samaki, kila Ijumaa, mpaka mguu upone. Muharami hakuiomba hukumu hiyo, lakini hakuikataa pia, maana siku hizo alikuwa na hasira za kutosha kaya mbili.

Hasira zenyewe hazikuwa za Masatu peke yake. Hospitali, daktari alimlaza kifudifudi, akambinya kigimbi cha kulia, mguu ukacheza. Akambinya cha kushoto, mguu ukatulia kama si wake. Akamwambia mshipa mkubwa wa kisigino umekatika. Muharami akauliza watamshona lini. Daktari akamwambia kwake hawatashona: watamfunga plasta ngumu huku vidole vikitazama chini, ili ncha mbili za mshipa zisogeleane, na zitajiunga zenyewe. Fundi wa watu alijiona ametukanwa. Maisha yake yote anakula kwa kushona vilivyochanika, na hajawahi kuona suruali iliyojiunga yenyewe kwa kunyooshewa mguu.

Lakini mshipa ukaungana. Polepole, ukaungana. Baada ya plasta akapewa kiatu kirefu kigumu, na chini ya kisigino akawekewa vipande vya kukiinua, akaambiwa atakuwa anapunguza kimoja baada ya kingine. Vile vya hospitali vilipochakaa alijishonea vyake kwa jinzi kuukuu, tabaka juu ya tabaka, akawa anafumua tabaka moja kila alipoambiwa afumue. Siku za mwanzo benchi zima lilikuwa linakuja kumwona nyumbani na soda. Baadaye soda zikapungua, kisha watu wakapungua, mwisho akawa anabaki Masatu wa Ijumaa, na sato wawili, au furu siku ziwa likinuna. Alikuwa anakaa kwenye mkeka, anamsimulia habari za nyavu zilizoibiwa na za injini zilizozimika katikati ya maji, mpaka kahawa ya Fatu, yaani Mama Hasna, mke wa fundi, ipoe.

Hapo ndipo palipokuwa na shida ya Muharami asubuhi hiyo, na hakumwambia mtu. Akisema bado, atamfunga rafiki yake nchi kavu asiende kutafuta riziki. Akisema tayari, Ijumaa zimekwisha, maana mtu haji kutoka kisiwani kukaa tu kwenye mkeka. Na kibaya zaidi, kwa haki ya Mungu, hakulijua jibu.

— Tuanze na mgonjwa mwenyewe, Jaji alisema. Pindo, mguu unauma?

— Hauumi. Asubuhi unakakamaa kidogo, nikitembea unalegea.

— Unatembea?

— Si unaniona.

— Unakimbia?

— Sijakimbizwa.

— Mtaro je? Ule wa pale kwa muuza nyanya, unauruka?

— Nauzunguka.

— Ahaa! Gody akapiga paja. Mtu aliyepona hazungukagi mtaro. Mimi nilisemaga toka mwanzo huyu ashonwe. Wachezaji wote wakubwa wanashonwa. Niliangalia vidio, ule mshipa ukikatika usiposhonwa unapandaga juu, unajikunja huku pajani kama pazia.

— Sasa kama uko pajani, Raya alimuuliza, kisigino anakiinua na nini?

— Na mazoea.

— Na mazoea!

— Ndiyo, mama. Mwili una akili. Unakumbukaga.

Muharami akajikuta anajipapasa paja kisirisiri chini ya meza ya cherehani. Hakukuta pazia. Akashuka mpaka kwenye kisigino, mahali ambapo vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe kila siku, akaushika ule mshipa. Upo. Ni mnene kuliko wa mguu wa pili, mnene kama pindo lililokunjwa mara mbili, lakini upo.

— Aliyenifundisha mazoezi pale hospitali alinieleza, alisema. Umeungana, ila umerefuka kidogo. Ni kama lastiki ya sketi iliyovutwa sana. Inashika, nguo haianguki, ila haivuti kama zamani. Alisema utaendelea kupata nguvu, hata mwaka wa pili, nisiache mazoezi. Na huenda usifanane na mwenzake tena.

— Usifanane mpaka lini? Masatu aliuliza.

— Hakusema.

— Basi niletage samaki mpaka kiama.

Alisema kwa upole, bila kulalamika, na ndiyo maana ilimchoma Muharami.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja mwenye sketi ndani ya mfuko. Alisema anaitwa Hyasinta, mwalimu, ametoka Bunda, ameingia mjini huku kununua zawadi kabla ya kwenda Butiama kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake, na sketi ya kuvaa huko imefumuka pindo. Muharami akamwomba radhi, akamwambia akae kidogo, kuna kesi inamalizika. Raya akampa kikombe cha kahawa. Mwalimu akakaa mwisho wa benchi, akaiinua kidogo sketi aliyovaa kuikwepa lami, akasikiliza kama watu wanavyosikiliza redio ya jirani.

— Mimi nasema amepona, Raya alianza upya. Na siyo kwa plasta. Ni kongoro. Mama Hasna alikuwa anamchemshia supu ya kwato tangu siku ya kwanza. Sasa ile supu unafikiri inakwenda wapi? Inakwenda palepale palipokatika. Baba Hasna, usikatae, nusu ya huo mshipa ni wa ng'ombe.

— Hee!

— Ndiyo. Ndiyo maana asubuhi unakakamaa. Ng'ombe wa asubuhi anataka afunguliwe zizini kwanza.

— Kwa hiyo nikienda mnadani Nyamuswa nitajibu nikiitwa?

— Usiende.

Benchi likacheka, hata Masatu. Jaji peke yake hakucheka, kwa sababu jaji hacheki kesi ikiwa inaendelea. Alikuwa ameinama anavitazama vigimbi vya Muharami, kimoja baada ya kingine.

— Hapa kuna jambo, alisema. Kigimbi cha kushoto ni kidogo kuliko cha kulia.

— Kilikonda ndani ya hogo, kile kipindi cha plasta, Muharami alisema. Kinarudi polepole.

— Hapana. Hakijakonda, kimeliwa. Ulipokuwa umefungwa, mguu wa kulia ulifanya kazi zote peke yake, ukawa unakula posho ya mwenzake. Sasa umezoea. Mshitakiwa wa kwanza ni Masatu, lakini mshitakiwa wa pili ni huo mguu wa kulia.

— Nao ulete samaki? Gody aliuliza.

— Kwa sheria, ndiyo.

— Jaji, sasa umeanza kuumwa wewe.

— Nipe simu yako basi ituambie! Tena mimi nina kipimo changu. Mtu amepona siku anayosahau ni mguu gani aliumia. Akishasahau, kesi imefungwa. Pindo, mguu gani?

— Wa kushoto.

— Umejibu haraka mno. Bado.

Muharami aliinama akauvuta uzi ambao haukuhitaji kuvutwa. Aliona aibu, maana kwenye upuuzi wote wa benchi, hilo lilikuwa kweli. Hakuna siku aliyousahau mguu ule. Akishuka ngazi za msikiti anaufikiria. Akisikia mlango umebamizwa, paa, moyo unamshuka mpaka kisiginoni. Kila mtu anamwambia unatembea vizuri, Pindo, hongera, naye anatembea kama mtu aliyebeba yai ndani ya soksi.

— Mimi nina kipimo cha kweli, Gody alisema, naye alikuwa keshainua simu. Hiki kimeandikwa. Mgonjwa asimame kwa mguu mmoja, ule ule mbovu, halafu anyanyue kisigino, asimame kwa vidole. Akiweza, amepona. Fundi, simama.

— Acha, Gody.

— Simama tumalize. Furu ana safari.

Muharami alimtazama Masatu. Masatu alikuwa anautazama mfuko wa samaki. Basi akasimama, akashika nguzo ya baraza kwa ncha za vidole, akaukunja mguu wa kulia. Akakaza. Kisigino cha kushoto kikaachana na sakafu, kikapanda kiasi cha kupitisha rula ya mbao, kikatetemeka, kikarudi chini. Akajaribu tena. Kikapanda palepale, kikarudi.

— Umeona? Gody alisema. Bado huyo.

— Lakini kimenyanyuka! Raya akatetea. Miezi ile hakikuwa kinanyanyuka kabisa. Mimi nilikuwa naonaga hapa kila siku.

— Kimenyanyuka nusu. Nusu siyo kupona.

— Na nusu siyo kuumwa pia, Masatu alinong'ona.

— Samahani, alisema mwalimu Hyasinta kutoka mwisho wa benchi. Baba Jaji, wewe ungesimama tuone.

— Mimi? Mimi siumwi.

— Ndiyo maana nimesema tuone.

Jaji alisimama kwa heshima ya cheo chake. Akainua mguu mmoja, akanyanyua kisigino, akapepea mikono, akamshika Gody kichwani. Kisigino chake hakikupita kile cha fundi. Jaribio la pili misuli ikambana, akaketi kwa kishindo akiulaumu mkaa. Gody akacheka, akaambiwa naye asimame. Aliweza, mara ya kwanza akapanda vizuri, halafu akaanza kuzunguka kama pia na kumkanyaga Raya. Raya akawaambia wote wakae chini kabla hawajamwaga kahawa ya watu.

Muharami hakucheka nao. Macho yake yalikuwa yameangukia kwenye ndala za mwalimu. Fundi anayepima mapindo anajua miguu ya watu kuliko nyuso zao. Ndala ya kulia ya yule mama ilikuwa imelika kisiginoni peke yake, na mbele kwenye vidole bado mpya, kama haikuwahi kusukuma ardhi. Aliijua ndala hiyo. Anayo ya namna hiyo mguuni mwake, ila ya kushoto.

— Mwalimu, alisema taratibu, na wewe?

Hyasinta akautazama mguu wake, akatabasamu.

— Na mimi. Umejuaje?

— Ndala.

— Ni mwaka wa nne sasa. Tulikuwa tunacheza netiboli, walimu kwa walimu, pale Bunda. Nikaruka kudaka mpira, nikasikia paa.

— Paa! Muharami akaitikia, kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake likitajwa ugenini.

— Walinishona? Hapana. Plasta, vidole chini, kiatu, mazoezi, kama wewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa nauliza kila mtu kama nimepona. Wa pili nikapunguza. Siku hizi nafundisha, nachota maji, nacheza harusini, na kisigino kile bado hakipandi kama mwenzake.

— Na hofu? Muharami aliuliza. Hakuwahi kuliuliza swali hilo mbele ya benchi.

— Hofu ilichelewa kupona kuliko mshipa, baba. Nayo inapona. Siku moja niliuruka mtaro, nikakumbuka nishafika ng'ambo.

Jaji alikuwa anajikanda kigimbi, lakini anasikiliza.

— Kitu kimoja tu ndicho hunichekesha mpaka leo, mwalimu aliendelea. Siku ile niligeuka kwa hasira kumtafuta aliyenipiga.

— Nani alikupiga? aliuliza Masatu.

— Hakuna. Nyuma yangu zilikuwa nyasi tu. Wa karibu alikuwa refa, naye ameinama huko mbali anafunga kamba za viatu. Nikamtukana yeye. Mimi, mwalimu, mbele ya wanafunzi! Nimefika hospitali, kabla sijafungua mdomo daktari ananiuliza, haya, unadhani nani amekupiga? Nikamwambia umejuaje? Akasema mshipa huu ukikatika wengi huwa wanasikia hivyohivyo, kama teke, kama jiwe. Wengi wanafika na jina la mtu.

Raya aliweka birika chini.

Hyasinta hakuwa amesimuliwa habari ya tope. Alikuwa amesikia kesi, samaki na kisigino, basi. Akamgeukia Muharami kwa udadisi wa kawaida wa mtu aliyepata mwenzake wa ugonjwa.

— Wewe je, fundi? Huyo aliyekupiga, ulimwona akikupiga?

Muharami akairudia safari. Aliyaona matope, akaiona Noa, akayaona mabega ya Jaji yakiwa yamebanwa na bati la gari. Alimwona Masatu nyuma yake, chini, kwa magoti. Mguu wa Masatu ukija hakuuona. Alirudi nyuma kichwani mwake akatafuta tena, na tena hakuuona.

— Jaji? Raya aliuliza. Wewe uliona?

— Mimi nilikuwa natazama gari.

— Gody?

— Mimi nilikuwa... Gody aliigeuza simu mkononi, na simu haikumsaidia. Mimi nilisikia fundi akisema.

— Wote mlisikia fundi akisema.

Raya aliinamisha birika juu ya kikombe cha Jaji, likatoa masimbi meusi ya chini, matone mawili, likakata. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyedai nyingine.

— Lakini aliomba msamaha! Jaji alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetafuta kofia yake gizani. Masatu, kama hukumpiga, uliomba msamaha wa nini?

Masatu alifikiri.

— Mtu mzima amekaa kwenye tope, analia, anataja jina langu. Ningesema nini? Nikasema nisamehe.

— Na baadaye?

— Baadaye nikaamini. Nilikuwa nimeteleza kweli, nikaanguka. Nikasema labda mguu ulienda, sikujua. Watu wazima mnasema nimepiga, mimi ni nani nisiamini?

Akaunyoosha mguu wake mbele, mguu mfupi wa mvuvi wenye nyufa za maji, akautazama kama anaukagua kabla ya kuununua.

— Tangu siku ile sijamsukuma mtu kwa nyuma. Hata mtumbwi. Wenzangu wanashika ubavuni kwa mstari, mimi nazunguka mbele, naingia majini peke yangu, navuta. Wananiuliza, Furu, unaogopa nini? Naogopa mguu. Nasema usije ukaenda tena ukamkata mtu mwingine.

Masika yote, kiangazi chote, na masika mengine, Muharami alikuwa anauhurumia mguu wake, na huyu hapa, kila Ijumaa juu ya mkeka wake, alikuwa anachechemea na mguu mzima. Aliona aibu, akaiacha ionekane.

— Kwa hiyo hukumu inageuka, Jaji alianza, maana hawezi kuliacha jambo likapumzika. Kama Masatu hana kosa, basi Pindo ndiye wa kurudisha samaki wote...

— Wameshaliwa, Jaji, Gody alisema.

— Basi arudishe miiba.

— Luqmani, nyamaza, Raya alisema, na kwa sababu alimwita kwa jina lake la nyumbani, alinyamaza.

Muharami aliinuka kutoka kwenye cherehani. Akatembea zile hatua chache mpaka alipokaa Masatu, mguu wa kushoto ukimfuata vizuri, kwa uzito wake kidogo.

— Masatu. Nisamehe.

— Nimeshakusamehe, fundi. Masatu alicheka, halafu akaacha kucheka. Ila sasa hawa wa leo nifanyeje? Nimeshakuja nao.

— Mpe Mama Hasna awapike. Nikitoka msikitini unakula kwangu kabla ya safari.

— Na kesi? Umepona au haujapona?

Muharami alimtazama mwalimu, mwalimu naye akainua mabega. Hata yeye wa mwaka wa nne hakuwa na jibu la kumkopesha mtu. Nguo iliyochanika ikirudi kuvaliwa, Muharami aliwaza, hakuna anayemwuliza mwenyewe kama imepona. Anavaa anakwenda kazini.

— Mtumbwi mnausukuma wapi?

— Mwigobero. Saa kumi. Mzito, una injini na nyavu zote za kaka.

— Nitakuja kusukuma.

Gody akaruka.

— Wewe? Na huo mguu? Si ndivyo ulivyokatika, kwa kusukuma?

— Ndivyo ulivyokatika.

— Mwalimu, mwambie!

— Akaze taratibu, Hyasinta alisema, asiruke tu. Mguu huo si wa juzi.

Masatu alikuwa amekunja uso. Alimtazama Muharami mguuni, kisha machoni.

— Fundi, sikia. Njoo, lakini shika ubavuni. Mimi nitakuwa mbele, majini, kama kawaida yangu.

— Hapana, Muharami alisema. Akaichukua sketi ya mwalimu, akarudi kwenye cherehani, akaweka mguu wa kushoto juu ya kikanyagio. Wewe utakaa nyuma yangu. Uweke mikono yako mgongoni mwangu, usukume.